Taa ya LED ya tangi la matumbawe kwa vifaa vya Kariakoo: cha kununua na cha kuacha

Taa ninayoizungumzia inawaka juu ya tangi langu la maji ya chumvi, lita 120, nyumbani Tabata. Nimeifunga mwenyewe, na kila anayekuja kuiona ananiuliza vifaa nilivipata wapi. LED nzuri zipo Kariakoo ukizichagua kwa mkono. Lakini kama bajeti ni ndogo, pesa ya kwanza iende kwenye hitisinki (pande la alumini la kupoza LED) na draiva (kifaa cha kudhibiti umeme unaoingia kwenye LED), LED zifuate.

Nilitumia LED za wati 3 zilizokwisha kubandikwa kwenye kibati cha alumini cha umbo la nyota: bluu 12, nyeupe 6. Duka ni dogo, liko ghorofani karibu na Msimbazi, na kila moja iliuzwa shilingi 2,500. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, hizi zote bluu tu, chukua." Nikamwambia, "Hapana kaka, naomba tuziwashe." Nilikuwa na betri ya volti 9 na rizista (kipunguza mkondo) ya omu 470 kwenye mkoba, tukaziwasha moja moja pale kaunta. Tofauti ilijionyesha yenyewe. Bluu ya nanomita 450 (nanomita ndicho kipimo cha rangi ya mwanga) imekolea, inaelekea zambarau. Ya 470 ni ya rangi ya anga, na kwa macho yetu inaonekana kali zaidi, ndiyo maana wengi huichukua wakidhani wamepata iliyo bora. Mimi nilitaka ya 450, kwa sababu ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaolilisha, na mwani hao wanaifyonza vizuri mno. Zilizokuwa hafifu kijana alizitoa, akanitafutia nyingine bila kununa. Kwa subira ile duka lake nalisifu, na nitarudi.

Taa za utepe zinazouzwa kwa mita, zile za dari za jipsamu, ziache zilipo. Zinapendeza sebuleni ila nguvu yake ni ndogo mno kwa tumbawe.

Draiva niliagiza na mzigo wa China: Mean Well LDD-700H mbili. Ni kidude kidogo kuliko kiberiti, kinatoa miliampea 700 bila kuyumba, na hilo ndilo LED inalotaka. LED 12 za bluu mfululizo zinakula volti 38 hivi, nyeupe 6 zinakula 19 hivi, na kwa kuwa kila mstari una draiva yake, pawasaplai moja ya volti 48 inatosha yote miwili. Draiva ina pini ya kupunguzia mwanga, nimeiunganisha na Arduino Nano, kikompyuta kidogo cha kuprogramu. Kwa kifaa hiki sina lawama hata moja. Kuna watu wanafunga LED za namna hii kwa rizista pekee ili waokoe hela. LED ikipata joto, volti yake inashuka, mkondo unapanda, joto linazidi tena. Nawaomba sana msifanye hivyo.

Hitisinki ndiyo iliyonipa furaha. Mafundi wa amplifaya Gerezani wanauza kwa kilo zile zilizotolewa kwenye redio kubwa za zamani. Nilipata kipande cha nusu mita chenye mapezi marefu, kizito hasa, nikakisugua kwa msasa mpaka uso ukalala sawa, nikapaka pesti nyembamba ya kupitisha joto na kukaza kila nyota kwa skrubu mbili. LED haichomi maji kwa mbele kama zile taa kubwa za zamani za metali halaidi, joto lake linatokea mgongoni. Kwa Dar hii ya Februari, chumba kikiwa nyuzi 32, mgongo ule usipopoa LED inafifia kabla ya wakati wake. Nimeweka na feni ya volti 12 juu yake. Baada ya saa mbili za mwanga wote unaweza kushika alumini kwa kiganja na kukaa nayo.

Chumvi ni adui wa kweli. Kila kiungo cha lehemu nimekipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, na chini ya LED kuna kipande cha akriliki ninachokifuta kila wiki. Pawasaplai iko ukutani, mbali na maji, na waya wake unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni. Breka ya kukata umeme unaovuja ni lazima, hasa nyumba yenye watoto.

Usiwashe taa mpya kwa nguvu zote. Nilianza asilimia 30, nikapandisha kidogo kila wiki, saa nane kwa siku. Tumbawe likipigwa na mwanga au joto kupita kiasi huwatoa wale mwani na kubaki jeupe. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanyia hivyo matumbawe mengi ya pwani yetu. Na kipande chako cha tumbawe cha kuanzia kitoke kwa mfugaji mwenzako, kama nilivyogawiwa mimi. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, usivunje kitu kule.

Kwa tangi la sentimita 60 kama langu, lenye matumbawe laini, LED 18 zinatosha. Ukitaka kufuga yale magumu, ongeza mstari mwingine wa bluu 12 na draiva yake, na kabla ya hapo tafuta hitisinki pana zaidi.