Vepu ya Kwanza kwa Anayeacha Sigara: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Anayenunua vepu (sigara ya kielektroniki) ya kwanza mara nyingi huchagua ile inayotoa mvuke mzito au ile ya bei ya chini kabisa. Wiki chache baadaye kifaa kimelala kwenye droo na pakiti ya sigara imerudi mfukoni. Sababu huwa zilezile mbili: nikotini ilikuwa kidogo kuliko mwili ulivyozoea, au koili, yaani waya wenye pamba unaopasha juisi (kimiminika chenye nikotini) iwe mvuke, iliungua na kila mvuto ukawa na ladha ya kitambaa kilichounguzwa na pasi. Kwa hiyo hapa vifaa vimepangwa kwa kipimo kimoja: kipi kina nafasi kubwa zaidi ya kukutoa kwenye sigara kabisa, bila kukuchosha kwa ufundi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayevuta sigara sasa hivi. Asiyevuta hana sababu yoyote ya kuanza vepu, na mjamzito aanze kwa daktari au mkunga, kwa sababu ziko plasta na chingamu za nikotini zilizoidhinishwa kama dawa. Vepu ina madhara yake: nikotini hujenga uraibu, na athari za kuvuta mvuke kwa miaka mingi bado zinafuatiliwa. Unachokwepa kwa kuhama ni moshi. Lami na hewa ya kaboni monoksaidi hutokana na tumbaku kuungua, na ndani ya vepu tumbaku haimo wala hakuna kinachowashwa moto. Angalia pia sheria ya nchi uliyopo au unayosafiri kwenda, maana India na Singapore, kwa mfano, zimepiga marufuku uuzaji wake kabisa.

Kwanza uelewe mvuto

Mvuta sigara huvuta kwanza mpaka mdomoni, kisha hushusha kifuani. Vepu yenye tundu dogo la hewa hufuata mwendo huohuo, nao huitwa mvuto wa kubana. Aina ya pili ina tundu kubwa, na mvuke huenda moja kwa moja mapafuni kama unavyohema baada ya kupanda ngazi. Mgeni akianza na hiyo hukohoa mpaka machozi yamtoke, kisha husema vepu haimfai. Tatizo lake ni kwamba alichukua mvuto usiomfaa.

Namba ya kuangalia ni omu, yaani ukinzani wa koili, nayo huandikwa kwenye koili yenyewe au kwenye boksi. Omu 0.8 mpaka 1.2 ndiyo mvuto wa kubana. Hutumia takribani wati 10 hadi 16 na hainywi juisi nyingi. Chini ya omu 0.5 umeingia kwenye vifaa vya mawingu, vya mvuke mwingi. Muuzaji asipojua omu za kifaa anachokuuzia, tafuta muuzaji mwingine.

1. Podi ya kujaza mwenyewe

Hii ndiyo ya kununua. Ni kifaa cha ukubwa wa kidole gumba au kiberiti, betri iko ndani, na juu yake huchomekwa podi ya plastiki unayoijaza juisi kutoka kwenye chupa. Hakina menyu. Ukivuta kinawaka, ukiacha kinazima.

Faida yake kubwa ni kwamba wewe ndiye mwenye kuamua kiwango cha nikotini. Ukianza na juisi ya miligramu 20 za nikotini kwa mililita na baada ya miezi ukataka kushuka mpaka 12, unabadilisha chupa tu. Gharama nayo hushuka: chupa ya mililita 10 hujaza podi ya mililita 2 mara tano, na podi moja ikitunzwa hudumu wiki moja mpaka tatu.

Kwenye boksi tafuta betri ya miliampea-saa 700 au zaidi kama unavuta karibu pakiti nzima kwa siku; ya 400 itakuzimikia mchana, na saa hiyo ndipo sigara inaponunuliwa. Tafuta tundu la kuchajia la aina ya C, podi inayopitisha mwanga ili uone juisi ikipungua, na kidude cha kurekebisha hewa. Kabla ya kulipa, uliza kama podi au koili za kifaa hicho zinauzwa palepale. Kifaa kizuri ambacho koili zake hazipatikani hakina maisha. Nunua mbili za ziada siku hiyohiyo.

Vepu za kujaza zina ushahidi pia. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa wavutaji 886. Kundi moja lilipewa vepu ya kujaza pamoja na juisi ya miligramu 18, jingine plasta, chingamu na bidhaa nyingine za namna hiyo, na wote walipata ushauri wa kila wiki. Baada ya mwaka, waliokuwa wameacha sigara walikuwa 18% upande wa vepu na 9.9% upande wa pili. Jaribio hilohilo lilionyesha kuwa kati ya walioacha kwa vepu, 80% walikuwa bado wanaitumia mwaka ulipokwisha. Basi jiandae: utakuwa na kazi mbili, kuacha sigara kwanza, kuacha vepu baadaye.

2. Podi iliyojazwa kiwandani

Umbo ni lilelile, ila podi huja na juisi yake; ikiisha unachomoa na kuchomeka nyingine. Inamfaa mwenye mikono inayotetemeka, mwenye macho hafifu, au asiyetaka kabisa kushika chupa. Haivuji sana na haihitaji maandalizi. Kasoro yake ni gharama ya kila wiki na kufungwa kwenye podi za kampuni moja, maana podi ya kampuni hii haiingii kwenye kifaa cha ile. Hakikisha kampuni hiyo ina angalau viwango viwili vya nikotini, usije ukakosa pa kushukia.

3. Kalamu yenye tanki

Ni mrija wa betri wenye tanki la kioo juu na kitufe cha kubonyeza. Hudumu, betri yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya podi, na koili zake hubadilishwa peke yake. Tunaiweka ya tatu kwa sababu kitufe husahaulika, tanki hupasuka likianguka, na kubadilisha koili huacha vidole vimelowa juisi mpaka uzoee. Anayependa kufungua na kusafisha vitu vyake ataipenda kuliko podi.

4. Ya kutupa

Kama jaribio la siku mbili, ili ujue mvuto unakufaa au la, inatosha. Kama njia ya kuacha sigara, ni ghali na haikuruhusu kupunguza nikotini polepole. Pia kila moja ina betri ya lithiamu inayoishia jalalani, na betri ikipondwa kwenye gari la taka inaweza kuwasha moto. Uingereza iliacha kuruhusu uuzaji wake tarehe 1 Juni 2025. Usiamini idadi ya mivuto iliyoandikwa kwenye boksi. Hupimwa kwa mashine inayovuta kwa muda mfupi kuliko mtu mwenye hamu.

5. Kisanduku cha wati nyingi

Kiache dukani. Kinakunywa juisi, kinatoa mawingu, na kinahitaji juisi ya nikotini ndogo kwa sababu mvuke wake ni mwingi mno. Vingi hutumia betri za kuchomoa za saizi iitwayo 18650, na hapo ndipo ajali nyingi hutokea: betri ya namna hiyo ikiwekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu hupiga shoti na kuungua mguuni. Kama tayari unacho, betri zikae kwenye kikasha cha plastiki, na ile ambayo ganda lake limechanika usiitumie tena.

Vile vinavyofanana na sigara kabisa, mpaka kitaa chekundu kwenye ncha, tumeviacha nje ya orodha. Betri yake ni ndogo mno kumtosheleza mvutaji wa kila siku. Nazo mashine zinazopasha moto vijiti vya tumbaku si vepu; ndani yake mna tumbaku halisi.

Nikotini: hapa ndipo wengi hukosea

Hofu humfanya mtu achukue 3 au 6 kwenye podi ndogo. Siku ya pili anavuta bila kupumzika, koo linakauka, hamu haiishi, na jioni anawasha sigara. Sigara moja humpa mvutaji takribani miligramu 1 mpaka 2 za nikotini, tena kwa kasi. Kifaa kidogo chenye juisi hafifu hakiwezi kushindana na hilo.

Kuliko kuhesabu sigara peke yake, angalia saa ya ile ya kwanza. Ukiiwasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, uraibu wako ni mkubwa. Anza na miligramu 18 hadi 20 kwa mililita. Ukiweza kukaa saa moja au zaidi, na siku nzima hazifiki 10, jaribu 10 au 12. Wa 3 hadi 6 ni yule wa sigara mbili tatu kwa siku. Ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma au kwikwi, umezidisha: weka kifaa chini, kunywa maji, na ikijirudia shuka ngazi moja.

Soma lebo kwa makini. Asilimia 2 ni sawa na miligramu 20 kwa mililita, na asilimia 5 ni 50. Mtu huona «5» akidhani ni ndogo kuliko «20», kumbe amechukua iliyo kali mara mbili na nusu. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sheria inazuia kuvuka 20.

Nikotini ipo ya aina mbili. Ya kawaida hukwaruza koo, na kwenye 18 baadhi ya watu huishindwa. Chumvi ya nikotini, inayotengenezwa kwa kuongezewa asidi, hupita laini hata ikiwa 20. Kwa anayehama kutoka sigara na podi ndogo, tunapendekeza chumvi. Ila ukikosa ule mkwaruzo na hamu ikabaki kooni, rudi kwenye ya kawaida.

Mchanganyiko wa juisi uwe nusu kwa nusu, propilini glaikoli na gliserini. Ile yenye gliserini asilimia 70 ni nzito, hailowi upesi kwenye pamba ya koili ndogo, na pamba kavu ndiyo inayoungua. Ladha ni hiari yako. Wengi huanza na tumbaku au minti. Juisi tamu sana huacha masizi meusi kwenye koili na kuiua mapema. Usinunue juisi isiyo na lebo, wala kutia kwenye podi mafuta ya aina yoyote au katriji za bangi za mitaani. Mlipuko wa magonjwa ya mapafu ulioitikisa Marekani mwaka 2019 ulihusishwa sana na asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye katriji za namna hiyo.

Kujaza mara ya kwanza

Chaji mpaka taa ionyeshe imejaa. Toa podi, fungua kizibo cha mpira. Kama koili inatoka, dondosha matone matatu au manne kwenye pamba inayoonekana kwenye vitundu vya pembeni. Ingiza ncha ya chupa na ubonyeze polepole, ukiacha nafasi kidogo ya hewa juu. Funga, kisha simamisha kifaa wima kwa dakika 10. Ukiharakisha hatua hii utaiunguza koili mpya kwa mvuto mmoja, na ladha hiyo haitoki tena.

Vuta taratibu kwa sekunde 3 au 4. Sigara huvutwa kwa nguvu na haraka. Vepu ikivutwa hivyo hufyonza juisi mpaka mdomoni. Pumzika nusu dakika kati ya mvuto na mvuto ili pamba ilowane tena. Kikohozi cha siku za kwanza na mdomo mkavu ni kawaida, maji husaidia. Kikohozi kisipoisha, au kifua kikabana, muone daktari.

Ikisumbua

Ladha ya kuungua: podi imekauka au koili imekwisha. Jaza, subiri dakika 10, na kama haijaondoka badilisha.

Mlio wa kugugumia au matone mdomoni: juisi imejaa kwenye bomba la katikati. Toa podi, funika upande wa chini kwa karatasi laini, kung'uta mara mbili, futa pale inapogusana na betri.

Kuvuja: umejaza kupita kiasi, mpira umekaa vibaya, au kifaa kimeachwa kwenye gari lenye joto. Joto huifanya juisi iwe nyepesi.

Haiwaki ingawa ina chaji: mara nyingi vinundu vya shaba chini ya podi vina unyevu. Pangusa kwa pamba kavu.

Chaji kwa waya uliokuja nacho na chaja ya kawaida ya ampea 1, si ile ya kasi, na usikiache kwenye chaji usiku kucha. Kwenye ndege kaa nacho ndani ya kabini, kisiingie kwenye mzigo wa chini. Chupa ya juisi iwe na kizibo cha kuzuia watoto na ikae juu, mbali nao. Ni sumu ikinywewa, na ikimwagikia ngozi ioshwe mara moja.

Jambo moja huwa halisemwi dukani. Moshi wa sigara huchochea ini kuvunja kahawa na baadhi ya dawa haraka zaidi, na kinachofanya hivyo ni kemikali za moshi wenyewe, si nikotini. Ukihamia vepu kabisa, kahawa ileile itakupa mapigo ya haraka na kukosa usingizi, kwa hiyo punguza vikombe. Anayetumia klozapini, olanzapini au theofilini amwambie daktari wake kabla hajaacha sigara, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kushushwa.

Na usikae ukivuta vyote viwili kwa muda mrefu. Wiki mbili tatu za kuhama zinaeleweka, lakini sigara tano kwa siku pamoja na vepu bado ni moshi kila siku. Kama mwezi umepita na zile tano haziondoki, pandisha nikotini ya vepu kabla ya kuanza kujilaumu.