Hopi za Saaz au Cascade?

Hopi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Saaz inatoka Žatec, Jamhuri ya Cheki, na ndiyo hopi ya pilsner, bia ya rangi ya dhahabu: harufu yake ni ya upole, ya majani na viungo. Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, inanukia balungi na maua, na inafaa bia aina ya pale ale.

Tofauti inayosumbua wapikaji iko kwenye asidi za alfa, zinazoleta uchungu. Saaz huwa na takriban asilimia 3 hadi 4.5, Cascade 4.5 hadi 7. Kwa lita 20 na uchungu wa IBU 30 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia), ukichemsha dakika 60, utahitaji kama gramu 70 za Saaz yenye asilimia 3.5, au 42 za Cascade yenye asilimia 6. Soma pakiti kila mara, maana kiwango hubadilika kwa kila mavuno. Ukibadilisha hopi bila kupiga hesabu upya, bia itapwaya au itakuwa chungu mno.

Gramu 70 huacha mashapo mengi sufuriani na kufyonza maji ya kimea, yaani bia isiyochacha bado. Afadhali uchungu utoke kwa Magnum, hopi yenye asidi za alfa nyingi, Saaz uitie dakika 10 za mwisho.

Cascade unaweza kuitia tena kwenye bia baada ya hamira kutulia, gramu 50, kwa siku tatu. Ikikaa sana bia huonja majani mabichi. Hopi yoyote inayonuka jibini, tupa.