SF-86 na swali la pombe: fomu nzuri yenye mtego

Anayeomba kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kufikia siri zake, hujaza fomu SF-86, na pombe imetengewa sehemu ya 24. Imetungwa kwa akili: haikuulizi unakunywa chupa ngapi. Inataka kujua kama ndani ya miaka 7 iliyopita pombe imekuharibia kazi, mahusiano au fedha, au imekukutanisha na polisi. Kisha, bila kikomo cha miaka, kama uliwahi kuamriwa au kushauriwa kutibiwa, au ulikwenda mwenyewe.

Mtego uko sehemu ya 22, ya makosa ya jinai. Humo shtaka lolote lenye pombe huandikwa hata likiwa la zamani. Faini ya barabarani isiyofika dola 300 huachwa, ila si kama ulikuwa umelewa. Mtu husoma ile miaka 7 ya sehemu ya 24, akadhani inatawala fomu nzima, akanyamaza. Kosa lililochakaa likageuka uongo, na uongo hupimwa kwa Kanuni E, ya mwenendo binafsi, katika SEAD 4, mwongozo wa serikali wa kuamua nani apewe kibali. Uongo huo ni mgumu kuutetea kuliko ulevi wenyewe.

Pombe hupimwa kwa Kanuni G ya mwongozo huo, unaotumika tangu Juni 2017. Tukio moja laweza kuibua hoja, hata kama hakuna daktari aliyesema una uraibu. Akishasema, na ushauri wa matibabu ukawa kuacha kabisa, bia moja ya wikendi inahesabika dhidi yako.

Kinachoipa kanuni hii alama ni kutaja wazi kinachomwokoa mtu: kukiri tatizo, ushahidi wa hatua alizochukua, na mwenendo ulioimarika wa kupunguza au kuacha, au matibabu yaliyokamilika pamoja na ufuatiliaji wa baadaye. Cheti cha programu na barua ya mshauri vina uzito. Ahadi tupu haina. Kasoro: muda wa kukaa bila pombe haukuandikwa popote, kwa hiyo huwezi kupiga hesabu ukajua umefika.

Ikija barua ya hoja, yaani ya serikali inayoorodhesha sababu za kutaka kumnyima mtu kibali, mfanyakazi wa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi ana siku 20 za kujibu kwa kiapo, hoja moja moja, akikubali au kukana. Aombe humo humo kusikilizwa mbele ya hakimu; asipoomba, shauri huweza kuamuliwa kwa makaratasi tu.