Dawa ya Kioo cha Gari Dhidi ya Jani la Nduma

Watu wangu, karibuni! Hii ndiyo dawa ya kupaka kioo cha mbele cha gari inayouzwa kote Kirinyaga Road, Nairobi, msimu huu wa mvua. Namna ya kupaka imeandikwa kwenye chupa, someni. Mimi nataka muone kitu kimoja.

Kioo hiki, nusu nimepaka, nusu sijapaka. Namwaga maji. Upande usio na dawa yametandaa, yameng'ang'ania. Upande wa pili... oneni! Tone limejikusanya. Nainamisha kidogo, hilo, limekwenda! Ngoja nirudie, hii naipenda mno. Limekwenda tena, wala halijaacha alama.

Sasa, chupa inadai maji hayagusi kioo kabisa. Hapo wamenikera. Yanagusa! Maji yanapopita juu ya kioo cha kawaida, tabaka la chini kabisa huwa limetulia tuli, yanayotembea ni ya juu yake. Hata hewa hufanya hivyo, ndiyo sababu feni huzunguka kutwa na vumbi laini likabaki kwenye mapanga yake. Mhandisi Mfaransa Navier aliandika tangu 1823 kwamba kimiminika kinaweza kuteleza ukutani, lakini kwenye uso laini unaokataa maji, mtelezo huo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita. Tone letu limeondoka kwa kuwa halina pa kushika.

Mnataka maji yanayokaribia kutogusa? Jani la nduma hili hapa. Lina vinundu vidogo mno vyenye nta, na hewa imenaswa katikati yake. Tone limekalia hewa, linagusa ncha za vinundu tu! Tazama linavyobingirika kama gololi. Pembe ya tone, yaani ile ambayo ukingo wake hufanya na uso lililokalia, hapa inapita digrii 150, dawa za vioo huishia karibu na 110. Nikitia sabuni kidogo kwenye maji... ona, jani limelowa. Kwa hiyo ukiosha gari, suuza sabuni yote.

Bei ni shilingi 1,500. Nta ya kopo ni nusu ya hiyo, ila nilipoijaribu ilibidi niinamishe kioo sana ndipo tone likashuka. Kama unapita Thika Road usiku kwa mwendo mzuri, nunua, upepo utayafagia matone. Kama maisha yako ni foleni ya Mombasa Road, bado utahitaji waipa, basi weka pesa zako.

Alhamisi tunapima dawa za viatu kwenye tope, na safari hii nitaleta jani la nduma tangu mwanzo. Andikeni mnataka nianze na ngozi au kitambaa.