Treni za Regionale za Emilia-Romagna: zinawatosha wawili wasio na haraka?

Wawili wanaotaka wiki ya kutembea taratibu Italia mwezi Oktoba, bila kukodi gari na bila kufunga masanduku kila baada ya siku mbili, wasianze na hoteli wala migahawa. Waanze na treni za Regionale, yaani treni za kawaida za mkoa. Mkilala usiku saba Bologna, mji mkuu wa mkoa wa Emilia-Romagna kaskazini mwa Italia, miji ya Modena, Ferrara, Parma na Ravenna yote mnaenda asubuhi na kurudi jioni. Modena ni kama nusu saa, Ferrara haizidi saa moja, Parma ni takriban saa moja, Ravenna saa moja na robo hivi. Nauli ya kwenda haifiki euro 10 kwa mtu, mji wowote kati ya hiyo. Tunaipa huduma hii nne kati ya tano, na ile alama iliyopungua ina sababu zake.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haiwafungi. Nauli ya Regionale ni ileile ukinunua wiki tatu kabla au dakika tatu kabla, na viti havina namba. Mkiamka mkaona mvua inanyesha upande wa Ravenna, mnamaliza kahawa yenu na kuelekea Parma. Treni za kasi haziwapi nafasi hiyo, kwani tiketi ya bei rahisi huwa imebana treni moja na saa moja, na ukiikosa umeikosa. Kwenye ratiba mtaona pia Regionale Veloce, inayoruka vituo vidogo. Nauli yake haina tofauti, kwa hiyo ikiwepo, pandeni hiyo.

Kosa linalowagharimu wageni wengi ni dogo mno. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye kimashine kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo kabla ya kupanda. Ukiisukuma ndani na kusikia mlio wa kugonga, itoe uangalie kama tarehe na saa vimechapwa, maana wino ukiwa umekauka hupati kitu, na hapo inabidi utafute kimashine kingine. Ikishagongwa ina saa nne tu za matumizi. Ndiyo maana tiketi ya kurudi haigongwi asubuhi pamoja na ya kwenda: jioni itakuwa imekwisha nguvu, na mkaguzi hatajali kwamba mlilipa. Tiketi ya kwenye simu haigongwi. Ifungueni mkiwa bado jukwaani, si mlangoni mwa behewa.

Kosa la pili ni la kusoma ubao. Ubao huandika mwisho wa safari ya treni, si mji mnaokwenda nyinyi. Treni ya Ferrara mara nyingi itaandikwa Venezia S. Lucia, na ya Modena na Parma itaandikwa Piacenza au Milano Centrale. Shikeni namba ya treni, kisha msome orodha ya vituo inayopita chini ya jina. Safu iliyoandikwa RIT ni ya dakika za kuchelewa. Na hapo Bologna Centrale kuna mtego mwingine: jukwaa la 3 na jukwaa la 3 Ovest (magharibi) ni vitu viwili tofauti, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika kadhaa. Jukwaa la 16 hadi la 19 yako chini kabisa ya ardhi, ngazi baada ya ngazi, na ni ya treni za kasi. Fikeni robo saa kabla. Mkiwa na muda, itazameni saa ya ukutani upande wa magharibi iliyosimama saa nne na dakika 25 asubuhi: ni kumbukumbu ya bomu la tarehe 2 Agosti 1980 lililoua watu 85 kituoni hapo.

Mabehewa mapya, ya aina ya Rock na Pop, ni safi, yana madirisha makubwa na soketi za kuchajia simu. Rock ni ya ghorofa mbili. Kaeni juu, mashamba ya bonde la mto Po yanaonekana vizuri, isipokuwa asubuhi za Novemba ambapo ukungu hufunika kila kitu na hutaona hata mti wa jirani. Nafasi ya masanduku makubwa ni finyu. Ni sababu nyingine ya kuyaacha Bologna.

Ravenna ndiyo safari inayohitaji mpango, na ndiyo tunayoisifu kuliko zote. Mji una majengo manane yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996, na mozaiki zake, picha za vipande vidogo vya mawe na vioo, ni za karne ya tano na ya sita. Tiketi moja inajumuisha majengo kadhaa, lakini kaburi linaloitwa la Galla Placidia, malkia wa Kirumi, lina saa yake maalumu ya kuingia, na ndani mnaruhusiwa dakika tano tu. Dakika tano si haba, ila ya kwanza mtu huipoteza gizani. Madirisha ni ya mawe ya alabasta, mwanga unaopita ni wa rangi ya asali na ni hafifu sana, na aliyetoka juani haoni chochote. Simameni kivulini dakika chache kabla ya zamu yenu, mvue miwani ya jua. Macho yakizoea, dari la buluu iliyokoza linajaa nyota za dhahabu moja baada ya nyingine, na mtaelewa kwa nini watu wanatoka kimya. Kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, liko hatua chache tu na halina haraka hiyo. Kanisa la Sant'Apollinare in Classe liko nje ya mji, na Regionale inasimama Classe, kituo kimoja tu kutoka Ravenna. Hakikisheni treni ya kurudi kabla ya kushuka.

Kuhusu chakula, vuli ndiyo msimu wenyewe. Ferrara hutoa cappellacci di zucca, tambi zilizojazwa boga. Bologna ina tambi za tortellini ndani ya supu na za tagliatelle kwa ragù, mchuzi wa nyama. Spageti ya „bolognese” msiitafute hapo. Asiyekula nguruwe awe macho, kwa sababu haonekani kila mara sahanini: tortellini hujazwa nyama yake, ragù ya kienyeji huwa na pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, na strutto, yaani mafuta ya nguruwe, huingia kwenye mkate wa coppia wa Ferrara na mara nyingi kwenye piadina, mkate bapa kama chapati. Jambo la salama zaidi ni cappellacci kwa burro e salvia, siagi na majani ya mseji, au tortelloni zilizojazwa jibini laini ya ricotta. Semeni „senza strutto, senza maiale”, bila mafuta ya nguruwe, bila nguruwe, kabla ya kuagiza. Jikoni hufunguliwa kuanzia kama saa sita na nusu mchana hadi saa nane na nusu, kisha kimya mpaka saa moja na nusu usiku. Anayeshuka kwenye treni saa tisa akitaka chakula cha moto atakula sandwichi.

Modena, tangulieni sokoni Albinelli, soko la mwaka 1931, na muende asubuhi. Kwenye siki ya balsamiko ya mji huo someni neno tradizionale. Hiyo imetengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyopikwa, ikakaa kwenye mapipa angalau miaka 12, na ile ya extravecchio miaka 25. Chupa yake ni moja kwa watengenezaji wote, ya mililita 100, ya umbo la tufe lenye kitako cha mstatili. Iliyoandikwa IGP, alama ya bidhaa ya eneo fulani, ni kitu kingine: ina siki ya divai ndani na muda wa chini ni siku 60. Si mbaya kwa saladi, ila msilipie bei ya ile nyingine.

Sasa kasoro. Treni haifiki kwenye viwanda vya jibini. Parmigiano Reggiano hutengenezwa asubuhi, na viwanda viko mashambani. Kuona mafundi wakiinua maziwa yaliyoganda kutoka chini ya sufuria ya shaba kwa kitambaa cha kitani, wakayakata vipande viwili mapacha, inabidi mfike mapema, na Regionale itawaacha Parma mjini mkitafuta teksi. Kila gurudumu moja la kilo 40 hivi hula lita 550 za maziwa, na ni kazi inayostahili kuonwa. Siku hiyo lipieni ziara yenye usafiri.

Ya pili ni migomo, sciopero. Hutangazwa mapema, na Ijumaa inapendwa sana. Siku za kazi sheria inalinda treni kadhaa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Kwa wawili wasio na haraka hilo linatosha: nendeni na treni ya asubuhi iliyolindwa, mrudi na ya jioni. Anayewahi ndege siku hiyo ndiye mwenye shida.

Ya tatu ni kalenda. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia hapo jua linazama kama saa kumi na moja jioni. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu, ratiba inapungua. Kwenye bango la njano, ambalo ni la treni zinazoondoka, nyundo mbili zilizopishana humaanisha siku za kazi tu, na msalaba humaanisha sikukuu. Bango jeupe ni la zinazofika, na wengi hulisoma kwa makosa. Mwishoni mwa Septemba Bologna hupokea maonyesho makubwa ya vigae ya Cersaie, na vyumba hupanda bei ghafla. Angalieni tarehe zake kabla ya kulipia hoteli, na mkigongana nazo sogezeni safari wiki moja mbele.