Kumlaza mama Mji Mkongwe: hoteli niliyokosea na hoteli niliyopatia

Mama yangu ni mtoto wa Malindi, Unguja. Aliolewa Dar es Salaam akiwa binti wa miaka ishirini na moja, na tangu nyumba ya kwao iuzwe hajawahi tena kulala ndani ya Mji Mkongwe. Akivuka kwa harusi au msiba hufikia kwa ndugu Fuoni au Mwanakwerekwe, mjini anapita mchana tu. Alipotimiza miaka sabini tukachangishana mimi na kaka zangu wawili tumlaze usiku tatu mjini kwao, katika nyumba ya mawe, kwenye kitanda cha samadari, na tusibanie pesa. Kazi ya kutafuta hoteli nikaachiwa mimi.

Mwishowe nililipa hoteli mbili ndani ya usiku tatu. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Hizi hoteli ndogo za kifahari za mjini, wanazoziita za butiki, nyingi zilikuwa nyumba za watu. Ukielewa nyumba ilivyojengwa utajua nini cha kuuliza. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani na miguu ikaenea. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kwa hiyo chumba cha asili kina upana wa kama mita tatu, basi. Wakitaka chumba kikubwa wanarefusha, hawapanui. Picha ya mtandaoni ikikuonyesha ukumbi mpana, angalia vizuri: ama ni vyumba viwili vilivyounganishwa, ama ni jengo jipya. Halafu ngazi. Ngazi za nyumba hizi zimesimama, vipandio havilingani, na vingine unainua goti hadi kiunoni. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mwenye nyumba hawezi kubomoa ukuta aweke lifti bila ruhusa ya mamlaka ya hifadhi. Unaweza kulipa zaidi ya nusu milioni kwa usiku na bado ukapanda kwa miguu yako.

Mama ana goti la kulia linalomsumbua mwaka wa nne sasa. Nilijua ngazi ndiyo habari yenyewe, na bado nilikosea.

Nilianza na majina makubwa. Park Hyatt ilifunguliwa mwaka 2015 ndani ya Mambo Msiige, pale Shangani ufukweni, pamoja na jengo jipya lililo ubavuni. Mama alivyosikia jina tu akaanza kusimulia habari ya mayai yaliyotiwa kwenye chokaa ya nyumba ile, simulizi ambayo kila mtoto wa mjini amekua nayo. Pale gari linakufikisha mlangoni na bwawa la kuogelea linatazama bahari. Serena ipo hatua chache kutoka hapo, kwenye lililokuwa jengo la simu za ng'ambo enzi za Mwingereza, nako gari linafika na bwawa lipo. Kwa mtu mwenye matatizo ya kutembea nasema bila kusita, anzeni na hizo mbili. Mimi zilinishinda kwa bei ya tarehe tulizotaka, mwisho wa Juni, wageni wakiwa wameanza kumiminika. Tembo House nayo niliifikiria sana kwa sababu haiuzi pombe, na mama anapenda mahali pa namna hiyo. Ila siku zetu hapakuwa na vyumba viwili vilivyo jirani.

Emerson on Hurumzi ndiyo iliyonivutia kwa historia. Ilikuwa nyumba ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha za Sultani, kisha Mmarekani Emerson Skeen, aliyefariki 2014, akaigeuza hoteli na kuufundisha mji mzima kwamba nyumba kuukuu inaweza kulaza wageni bila kupoteza sura yake. Mgahawa wake uko juu ya paa, unakaa kwenye mito na kutazama jua likizama baharini. Lakini juu ya paa maana yake ngazi, tena si chache. Nikaiweka pembeni kwa ajili ya goti la mama, siyo kwa kasoro nyingine. Wenye miguu mizima nendeni.

Zikabaki mbili, zote ndogo, zote mtaa mmoja. Sitazitaja. Ile ya kwanza tuliyamaliza kwa maelewano na meneja wake, na nikiitaja ya pili peke yake, mtu wa mjini atajua mara moja nyingine ni ipi, kwa kuwa zimetenganishwa na kichochoro tu.

Nilizipigia simu zote mbili nikiuliza maswali yaleyale. Gari linaishia wapi, na kutoka hapo ni hatua ngapi? Chumba chenyewe nitakachopewa kina ngazi ngapi kutoka mlango wa mbele? Dirisha linatazama nini? Umeme ukikatika, jenereta iko upande gani? Na bei ya wakazi ni ipi, maana inayotangazwa ni ya wageni kutoka nje. Hili la mwisho msione haya kuuliza. Kwa hoteli zote mbili bei ilishuka baada ya kuuliza, na kwa moja ilishuka karibu robo.

Hoteli ya kwanza ilinijibu haraka, kwa maneno matamu: "Usijali, madam, chumba cha chini kipo, kimethibitishwa." Hoteli ya pili alipokea dada mmoja mwenye lafudhi ya mjini hasa. Nilipomuuliza ngazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, nisikwambie uongo, sijapata kuzihesabu. Nipe dakika kumi nende nikahesabu." Kweli akapiga. "Hicho cha chini, kutoka njiani mpaka kitandani ni nne. Mbili za barazani, mbili za sebuleni. Hicho chenye bahari ni arubaini na mbili. Bi mkubwa mpe cha chini, ila nikwambie mapema, dirisha lake latazama kiwandani, bahari hataiona." Kiwanda kwa watu wa mjini ni ua wa ndani ya nyumba.

Mngeshauri nichague ipi? Mimi nilichagua ile ya kwanza. Picha zake zilinishika: paa lenye mapazia meupe, sinia la matunda, beseni la kuogea la jiwe, bahari nyuma yake. Nikajiambia mama amesubiri miaka yote hii, hawezi kulala chumba cha kutazama kiwanda. Nikalipia usiku zote tatu.

Tulivuka kwa boti ya Azam Marine, saa mbili hivi za bahari tulivu, tukashukia Malindi. Teksi ikapita njia ya pwani, mama akainyooshea kidole Beit-el-Ajaib, jumba la kale la Sultani, lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020, akasoma Fatiha kimya kwa waliofia pale. Gari likaishia Forodhani, kwenye bustani ya pwani panapouzwa vyakula jioni, tukaingia vichochoroni taratibu. Hadi hapo furaha tupu.

Mapokezi wakatuambia chumba cha chini bomba limepasuka tangu jana. Tumewekewa ghorofa ya tatu, "kizuri zaidi, chenye bahari, bila nyongeza ya bei." Nikauliza mbona hamkunipigia simu, na jana mlishajua? Sikupata jibu la maana. Kijana akabeba begi akatangulia, mama akashika kamba iliyofungwa ukutani badala ya mkono wa ngazi, akaanza. Nilikuwa nyuma yake nimemwekea mikono mgongoni. Kila kipandio anaweka mguu wa kushoto, anavuta wa kulia, anapumzika. Ngazi sitini na moja. Tulipofika akakaa ukingoni mwa kitanda, hakusema kitu, akawa anaupapasa ukuta kwa kiganja. Halafu akanionyesha kiganja: kimelowa.

"Hapa wamepiga saruji," akasema.

Hapo ndipo mama alinifundisha jambo ambalo siku hizi nalifanya kila niingiapo chumba cha nyumba ya zamani. Ukuta wa mawe uliopakwa chokaa unapumua: unavuta unyevu na kuutoa, ukiugusa una baridi kavu. Ukiufunika kwa saruji unyevu unakwama ndani, ukuta unatoa jasho, rangi inavimba na kubanduka chini kwenye usawa wa goti. Tukatazama nyuma ya kabati, kweli rangi ilikuwa imebanduka kama ganda la yai. Harufu ya uvundo waliizika kwa udi. Udi ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa mwingi mno.

Kwa haki yao, kitanda kilikuwa samadari halisi, shuka safi, na paa lile ni zuri kuliko hata picha. Nililiona peke yangu. Mama asingeweza kushuka Forodhani na kupanda tena, hivyo jioni yake ya kwanza mjini kwao alikula chumbani, sahani mapajani, huku sauti za watu zikimjia kutoka chini. Saa nne usiku umeme ukakatika, jenereta likawashwa kichochoroni, chini ya dirisha letu hasa, likanguruma hadi karibu na alfajiri. Hili lilinichoma kuliko pesa. Aliposikia adhana akaamka, akasali amekaa kwenye kiti, na akaniambia nisimgombeze mtu.

Sikugombeza. Saa moja asubuhi nilimpigia yule dada aliyehesabu ngazi. Alinikumbuka kabla sijamaliza jina langu. Chumba cha chini kilikuwa bado hakijachukuliwa. Kisha nikaenda kwa meneja wa pale tulipolala nikamwonyesha ujumbe wa WhatsApp wenye maneno "chumba cha chini kimethibitishwa." Baada ya mazungumzo marefu walinirudishia usiku mmoja kati ya miwili iliyobaki. Bila ule ujumbe wa maandishi nadhani nisingepata hata shilingi. Kwa hiyo mkikubaliana chumba kwa simu, waombeni wakiandike: namba ya chumba, ghorofa, tarehe.

Hoteli ya pili kwa picha ni ya kawaida. Haina beseni la jiwe, paa lake ni dogo, lina meza nne. Lakini mlangoni mzee wa ulinzi aliinuka barazani na kumpokea mama kwa salamu za kwao, wakaulizana mitaa na majina ya wazee hadi wakapatana kwa marehemu shangazi mmoja. Begi likatangulia na sisi tukabaki tumesimama robo saa nzima. Chumba ni kirefu na chembamba kama kilivyotakiwa kuwa. Ukutani kuna vidaka vitatu, na mama akasema nyumbani kwao cha kati kilikuwa cha msahafu, cha kulia vikombe vya kahawa vya bibi, cha kushoto hakuruhusiwa kugusa. Akaupapasa ukuta. Mkavu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tushuke botini. Mkeka wa kusalia ulikuwa umeshatandikwa kuelekea kibla, hatukuomba.

Na kile kiwanda nilichokidharau? Kuna mti mmoja ndani ya jungu la udongo, kuna kivuli siku nzima, na upepo wa kusi unashuka kutoka juu ukapita kwenye mlango wa chumba. Mama alikaa hapo kila adhuhuri. Kelele za mtaa hazifiki. Jenereta lao liko juu ya paa, umeme ulikatika mara moja na tulisikia mvumo tu.

Asubuhi ya kwanza waliweka meza ya kawaida ya mayai, matunda na mikate ya kizungu. Mama akala kidogo kwa adabu. Mpishi, mama wa makamo, alitoka jikoni mwenyewe akamwuliza, "Bi mkubwa, hiki hukipendi. Kwenu mlikuwa mkila nini asubuhi?" Mama akataja mkate wa mofa na mchuzi wa pweza. Kesho yake vikaletwa, mkate umenunuliwa Darajani, mchuzi umepikwa pale pale, nazi haikuzidi. Hawakutoza zaidi. Jioni zote mbili tulitoka kwa miguu yetu, ngazi nne tu, tukatembea hadi Forodhani, mama akala urojo wa moto amekaa kwenye ukuta wa bahari.

Kasoro zipo. Maji ya moto yanachelewa kufika bombani, na intaneti chumbani ni dhaifu kwa sababu ya unene wa kuta, ukitaka kufanya kazi utakaa sebuleni. Chumba cha jirani yetu kilikuwa na joto kwa kuwa dirisha lake ni dogo, hivyo ombeni kile kinachofunguka kiwandani. Na kama unakwenda Februari wakati wa Sauti za Busara, weka nafasi mapema sana, mji mzima hujaa. Ramadhani napo jueni migahawa mingi hufunga mchana, muulize hoteli watakupa nini.

Nimeshaongea na yule dada kwa ajili ya Oktoba. Safari hii tunakwenda na dada yake mama, ambaye naye ana mgongo. Nilipomwambia, akauliza, "Yeye aweza ngazi ngapi?" Nikasema sijui, nitamwuliza. Akasema atakishika chumba cha chini kwa jina la mama hadi nimpe jibu.