Uduvi wa Morecambe kwenye siagi: nimeandaa mara tatu, haya ndiyo niliyoyaona

Naishi Preston, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na ghuba ya Morecambe haiko mbali nasi. Huko huvuliwa uduvi wa rangi ya kahawia, mdogo kuliko kidole cha mtoto. Zamani wavuvi waliingia na mikokoteni ya farasi bahari ikipwa, baadaye wakaja na matrekta. Wenyeji huuchemsha, huumenya, huuzamisha kwenye siagi yenye viungo, kisha huugandisha kwenye vibakuli na kuupaka kwenye tosti. Nikasema hicho ndicho kionjo cha arobaini ya mwanangu, kabla pilau haijaiva.

Mara ya kwanza, siku ya majaribio, nilifanya ubahili. Nilichukua kamba waliogandishwa kutoka duka kubwa, nikidhani kamba ni kamba. Walipoyeyuka walitoa maji, siagi ikaelea juu, nikapata supu. Ukilazimika kutumia hao, wakaushe kwa kitambaa mpaka uchoke, na bado utamu hautafanana.

Mara ya pili nilienda kwa muuza samaki sokoni nikanunua nusu kilo ya uduvi wenyewe, umeshachemshwa na kumenywa. Bei inauma, nisikufiche. Kumenya vidudu vidogo hivi ni kazi ya vidole na subira, mpaka ule wa Uholanzi husafirishwa kwenda kumenywa Moroko kisha unarudishwa. Lakini ladha! Una utamu kidogo, una bahari, na haukuachii maji. Kasoro ni maganda: niliokota vipande kadhaa, na kimoja alikikuta mgeni. Muuzaji nilipomweleza aliinua mabega tu.

Siagi ndiyo yenye siri. Kwa nusu kilo ya uduvi natumia gramu 300, isiyo na chumvi. Naiyeyusha moto mdogo, naengua povu, halafu naimimina taratibu ile ya njano, yale meupe ya chini nayaacha sufuriani. Theluthi moja naiweka pembeni ya kufunikia. Inayobaki natia kipande cha basibasi, kungumanga ya kukwangua, pilipili ya unga kidogo na matone ya ndimu. Basibasi ni lile ganda jekundu linaloizunguka kungumanga, na yangu ilitoka Unguja, nilitumiwa na mama. Waingereza nao huweka basibasi hiyo hiyo, kwa hiyo hapo sikubuni kitu.

Uduvi ukiingia, pasha tu, dakika mbili, siagi isichemke. Umeshaiva tangu kwa wavuvi, ukiuzidishia moto unakuwa mpira. Chota vibakulini, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, mwagia ile siagi ya pembeni ifunike juu, tia friji. Mimi hula ndani ya siku tatu. Hiyo siagi ya juu isikudanganye ukadhani umetengeneza chakula cha kopo.

Mara ya tatu nilijifanya mjanja nikatumia samli ya nyumbani. Samli ni nzuri kwenye biriani, hapa inapiga kelele. Harufu yake ilimeza kila kitu, uduvi ukabaki kutafunwa tu.

Siku ya sherehe yenyewe ndiyo ile mara ya pili, na kosa langu kubwa lilikuwa hili: nilitoa vibakuli kwenye friji moja kwa moja mpaka mezani. Siagi ngumu kama sabuni, watu wanavunja tosti kwa kisu. Vitoe nusu saa kabla, siagi ilegee, ndipo harufu ya basibasi inapoamka. Na waulize wageni mapema, maana wapo ambao kamba na jamaa zake huwavimbisha midomo.

Siku hiyo hiyo shangazi yangu, mtu wa Tanga, alikitazama kibakuli, akadhani siagi ni samli, akauliza, "Mwanangu, uduvi mmeutia kwenye samli ya nini?" Nikamwambia aonje kwanza. Tosti hakuigusa. Alichana kipande cha chapati, akachota, akanyamaza, akachota tena. Mpaka pilau inafika, kile cha kwake kilikuwa kimekwisha na mkono umeshahamia kwa jirani.

Kwa uduvi natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya maganda, na muuzaji nimeshabadilisha.